Kuku wa kisasa: Uvumi wa homoni waficha hatari ya dawa

PENYE harusi, msiba au foleni ya daladala, mazungumzo yakigusa kuku wa kisasa hakosekani mtu wa kutoa somo. Kuku hao, atasema, wanapigwa sindano za kukuza. Mwingine ataongeza kwamba wanachanganyiwa ARV kwenye chakula. Wa tatu atashusha sauti kidogo na kusema kuna shemeji wa jirani yake aliyeota matiti kwa sababu ya kula kuku wa kukaanga kila jioni.

Hakuna anayeuliza sindano hiyo inaitwaje, inauzwa duka gani na kwa bei gani. Kikao kinakubaliana kwamba mambo ya kisasa ni hatari, kisha watu wanaendelea kula, kwa kuwa sahani zilizoko mbele yao zina kuku yuleyule.

Kama yangekuwa maneno ya kupitisha muda tu, kusingekuwa na sababu ya kuyajadili katika kurasa za biashara na kilimo. Lakini kuku wa nyama ni miongoni mwa biashara chache ambazo mama mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba, au kijana mwenye mtaji wa vifaranga 100, anaweza kuianza na kuona fedha kabla ya miezi miwili kwisha. Uvumi ukipita mtaani wateja wanapungua, naye anabaki na kuku waliokwishafikisha uzito. Broila hasubiri bei ipande. Kila siku anayokaa bandani baada ya kukomaa, anakula faida ya mwenye banda.

Hasara hiyo ya mfukoni si ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba uvumi wa homoni umeyageuza macho ya walaji kuelekea mahali pasipo na tatizo, na tatizo lililopo kweli katika mabanda mengi halina wa kulitazama.

Uvumi wa namna hii haushiki hivihivi. Huanzia kwenye jambo ambalo kila mtu ameliona kwa macho yake. Ni kweli kuku wa kienyeji huchukua miezi mingi kufikia uzito wa kuchinjwa. Ni kweli broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu. Mtu anayewaona wote wawili lazima ajiulize kuna nini katikati. Swali lake ni zuri. Kasoro iko kwenye jibu, ambalo limetolewa na mtu asiyefuga kuku wala kuchunguza chochote.

Jibu lenyewe linajulikana siku nyingi: ni mbegu, chakula na matunzo. Nchini Marekani, mnamo miaka ya 1940, Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo na kampuni ya maduka ya A&P walianzisha shindano la kumtafuta "kuku wa kesho", yaani kuku mwenye kifua kipana na nyama nyingi. Fainali ya kitaifa ilifanyika mwaka 1948. Wafugaji walileta mayai, yakaanguliwa pamoja, vifaranga wakalelewa kwa chakula kimoja, kisha wakapimwa. Tangu hapo kampuni za mbegu zimekuwa zikichagua, kizazi baada ya kizazi, wale wanaokua haraka na kula kidogo, na kuwazalisha hao tu. Kuku anataga na kukomaa upesi, kwa hiyo vizazi vingi hupita ndani ya miaka michache.

Mkulima wa mahindi analielewa jambo hili bila kusomeshwa. Anajua mbegu chotara aliyonunua dukani haizai sawa na ile aliyoirithi kwa babu yake, hata zikipandwa shamba moja na kuwekewa mbolea ileile. Hajasikika akisema mahindi chotara yamepigwa sindano usiku. Akivuka ua na kuingia bandani, mantiki hiyo anaiacha shambani.

Kuna jaribio moja ambalo lingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila duka la vifaranga. Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada kilikuwa kimehifadhi mbegu za kuku wa nyama za mwaka 1957 na za mwaka 1978 bila kuziboresha. Watafiti wakawalea kuku hao pamoja na mbegu ya mwaka 2005, wote kwa chakula kilekile na matunzo yaleyale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Walipofika siku 56, kuku wa mwaka 1957 walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 905. Wale wa mwaka 1978 walikuwa na gramu 1,808. Wale wa mwaka 2005 walifika gramu 4,202. Hapakuwa na sindano wala kidonge cha kukuza. Tofauti ilikuwa kwenye damu, yaani ukoo.

Sasa tuseme mfugaji ameamua kwa ubaya wake kutumia homoni ya kukuza. Homoni ya ukuaji ni protini, kama ilivyo insulini. Kila familia yenye mgonjwa wa kisukari inajua kwa nini insulini inachomwa badala ya kumezwa: tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage, ikaisha kazi. Homoni ya namna hiyo ikichanganywa kwenye pumba, kuku ataila kama chakula. Ili ifanye kazi ingebidi apigwe sindano tena na tena. Mwenye kuku 500 angeamka alfajiri kukamata kuku 500 mmoja mmoja, kuwachoma, na kurudia tena baada ya muda mfupi, kwa mnyama ambaye faida yake ikipatikana ni shilingi za kuhesabu. Anayeamini hivyo hajawahi kukimbiza hata kuku kumi ndani ya banda.

Wapo watakaosema hakuna moshi bila moto, na hapa wana hoja. Miaka ya 1940 na 1950 wafugaji wa Marekani walikuwa wakiwapandikizia jogoo chini ya ngozi vipande vya dawa iitwayo diethylstilbestrol, inayofanya kazi kama homoni ya kike, ili walainike nyama na kunenepa mafuta. Mwaka 1959 matumizi hayo kwa kuku yalisimamishwa. Kwa ng'ombe wa nyama, nchi hiyo bado inaruhusu vipandikizi vya homoni, huku Ulaya ikiwa imevikataa tangu miaka ya 1980. Hivyo neno "homoni" halikutoka hewani. Lilitoka kwa jogoo wa zamani na kwa ng'ombe wa mbali, likavuka bahari, likatua juu ya broila wa Kimara na Tegeta ambaye hahusiki.

Suala la ARV linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna uongo na ukweli vilivyochanganywa. Uongo ni ile hesabu ya mtaani: mgonjwa aliyekonda alipoanza ARV alinenepa, kwa hiyo kuku akipewa naye atanenepa. Mgonjwa yule hakunenepeshwa na dawa kama mbolea inavyonenepesha mgomba. Dawa ilizuia virusi vilivyokuwa vikimmaliza, mwili ukarudi ulikokuwa. Kuku hana virusi hivyo.

Ukweli ni kwamba mwaka 2023, nchini Uganda, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwaeleza wabunge kwamba wapo wafugaji waliokuwa wakiwapa nguruwe na kuku ARV, wakitarajia kutibu magonjwa kama homa ya nguruwe na kideri. Hilo ni kosa zito, na dawa hizo zimenunuliwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini haikuwa siri ya ukuaji wa broila. Broila hukua kwa kasi ileile Brazili, Thailand na kwingineko ambako hakuna aliyewaza kumpa kuku ARV.

Tofauti iliyopo kati ya habari ya Uganda na ile ya foleni ya daladala inafaa kuangaliwa vizuri. Ya kwanza ina mahali, mwaka, mamlaka iliyosema, aina ya dawa na kitu kinachoweza kupimwa maabara. Mtu anaweza kuikagua na kuikataa kama si kweli. Ya pili haina mwenyewe. Ukiomba jina la mfugaji unaambiwa "wanafanya wengi". Ukisema kuku amepimwa akakutwa safi, unaambiwa wapimaji wamehongwa. Dai lililopangwa hivyo haliwezi kushindwa hata siku moja, na ndiyo sababu linadumu.

Katika kundi hilohilo limo dai kwamba mabinti siku hizi wanavunja ungo mapema kwa sababu ya kuku wa kisasa. Linasadikika, maana mambo yote mawili yameongezeka katika kipindi kimoja. Lakini kumbukumbu za kaskazini mwa Ulaya zinaonyesha umri huo ulianza kushuka tangu karne ya 19, kutoka miaka 16 au zaidi hadi kufikia karibu miaka 13 katikati ya karne ya 20. Sehemu kubwa ya mteremko huo ilitokea kabla broila hajakuwepo, na sababu inayotajwa zaidi ni lishe bora na magonjwa machache utotoni. Simu za mkononi nazo zimeongezeka katika kipindi hichohicho. Bado hazijasingiziwa, lakini zamu yao haiko mbali.

Wakati broila anasakamwa, kuna wanaonufaika. Mteja anayekimbia "kemikali" anakimbilia kitu kinachoitwa kienyeji, na hulipa zaidi bila kuuliza. Sehemu ya kuku wanaouzwa mijini kwa jina hilo ni machotara kama Kuroiler, aliyezalishwa India, au Sasso wa Ufaransa. Ni kuku wazuri, na wanafaa kwa mfugaji wa kijijini, lakini hao nao ni kazi ya kampuni za mbegu kama broila alivyo. Mteja ameuziwa jina.

Kiini cha yai nacho kimegeuzwa kipimo cha afya. Kikiwa cha njano iliyokolea, yai ni "asilia". Kikiwa cheupe, yai ni "la dawa". Rangi hiyo hutokana na chakula. Kuku anayekula majani mabichi, mahindi ya njano au unga wa majani ya lusina atatoa kiini cha njano. Anayelishwa mahindi meupe, ambayo ndiyo yanayolimwa zaidi nchini, atatoa kiini kilichofifia. Protini ya yai haijabadilika. Mtengenezaji wa chakula akitaka anaweza kuongeza rangi, na kiini kikatoka kama machungwa ya Muheza. Kipimo kinachoweza kununuliwa kwenye pakiti kinamwambia mlaji mambo ya pakiti tu.

Anayependa kuku wa kienyeji kwa ladha yake hana haja ya kutafuta sababu za kisayansi. Kuku huyo ameishi muda mrefu, ametembea, nyama yake imekomaa na mchuzi wake una utamu ambao broila wa wiki tano hana. Na wapo wanaomlaumu broila kwa haki: anakua kuliko miguu yake, na moyo wake wakati mwingine unashindwa kumhimili. Hayo yanasemwa na wataalamu wenyewe wa mifugo.

Mfugaji naye asijione ni mtu wa kuonewa tu. Sayansi ya kubuni ina wateja wengi ndani ya mabanda. Mfano mzuri ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ni wa virusi na hauna tiba. Hata hivyo kila kijiji kina mtu mwenye dawa yake: shubiri, pilipili kichaa, majivu, na siku hizi chupa zisizo na lebo. Kideri kikiingia, mwenye kuku 30 anawanywesha wote maji ya shubiri. Wanakufa 24, wanabaki sita. Wale sita wanatembezwa mtaani kama ushahidi. Kwa jirani ambaye hakutoa kitu, kuku watano au saba walibaki pia, lakini hakuna anayekwenda kuwahesabu.

Hapo ndipo penye kipimo ambacho mfugaji yeyote anaweza kukifanya bila digrii. Akiletewa unga wa kuongeza uzito au chupa ya kuongeza mayai, agawe kuku wake mafungu mawili ya umri mmoja, awalishe sawa, fungu moja alipe dawa na jingine asilipe. Apime mwisho wa mzunguko na kuandika. Muuzaji anayekasirishwa na jaribio hilo amekwishajibu swali. Kwa kideri, mfugaji hana haja ya jaribio, maana chanjo ipo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa pia hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai.

Sasa lije lile lisilozungumzwa kwenye foleni ya daladala. Katika mabanda mengi kuna antibayotiki, na mara nyingi hutolewa bila kuandikwa na mtaalamu. Kifaranga akifika tu anapewa oksitetrasaiklini kwenye maji "ili asichoke na safari". Wiki ya pili akikohoa mmoja, wote wanapewa nyingine. Kuku wakianza kufa wiki ya tano, mwenye mali anawapa dawa asubuhi na jioni anawapeleka sokoni ili asipoteze vyote. Muuza duka ndiye daktari, na dozi inapimwa kwa kifuniko cha chupa.

Kila dawa ya namna hiyo ina muda wa kusubiri, ambao umeandikwa kwenye lebo: idadi ya siku zinazotakiwa kupita tangu dozi ya mwisho hadi kuku achinjwe au yai liliwe. Dawa nyingine ni siku chache, nyingine ni zaidi ya wiki. Katika siku hizo mwili wa kuku huitoa dawa. Mfugaji asiyesubiri anamuuzia mlaji nyama yenye mabaki ya dawa. Moto wa jikoni huua vimelea vingi, lakini si kila dawa inayoharibika kwa kuchemshwa.

Hatari kubwa zaidi hata haipiti kwenye sahani. Bakteria wanaokutana na dawa kila siku kwa dozi ndogo hujifunza kuishi nayo. Hutoka bandani kwenye samadi, kwenye maji ya kuoshea na mikononi mwa wafanyakazi. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamekuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, kijijenetiki kinachowapa bakteria usugu dhidi ya colistin, dawa ambayo hospitali huiweka akiba kwa wagonjwa walioshindikana. Colistin ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wakue. China ilisimamisha matumizi hayo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwishapiga marufuku antibayotiki zote za kukuzia mifugo tangu Januari 2006.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kwa kulinganisha na idadi ya watu. Si wote waliotokana na mifugo. Matumizi holela ya dawa kwa binadamu yana sehemu yake kubwa. Lakini mtoto wa mfugaji akilazwa na homa isiyosikia dawa, hatauliza bakteria walitoka duka la dawa la mtaani au banda la uani.

Ajabu ni kwamba mlaji aliyekataa broila kwa kuogopa homoni akanunua chotara kwa jina la kienyeji, huenda amemchukua kuku aliyekunywa antibayotiki jana. Hakuuliza, kwa sababu uvumi ulimfundisha kuogopa kitu kingine.

Serikali ina kazi hapa. TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA, inasimamia dawa, na usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Kupima nyama na mayai ya sokoni na kuyatangaza matokeo kwa lugha nyepesi, soko kwa soko, kungefanya zaidi ya semina kumi za kukanusha uvumi. Pasipo na takwimu zilizotangazwa, kila anayebuni ana nafasi.

Wafugaji nao wasingoje. Mwenye hoteli, mama lishe au muuza chipsi anayechukua kuku 50 kwa wiki anaweza kuuliza jambo moja tu kabla ya kupakia: kuku hawa walipewa dawa gani mara ya mwisho, na tarehe ngapi? Wafugaji wengi hawana jibu kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Mwenye jibu ni yule aliyeandika tarehe ya vifaranga kuingia, chanjo ya Gumboro na ya kideri, jina la kila dawa, siku iliyoanza, siku iliyoisha, na siku za kusubiri zilizosomwa kwenye lebo. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kwa mizunguko kadhaa.